Kubadilisha ekzosi nyumbani: kazi niliyoifanya uani Umoja, na kilichonifanya niifanye

Mwanzisha uzi (Umoja)

Ndugu zangu, binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyenifanya nilale chini ya gari. Kwa majuma mawili alikuwa akilalamika kwamba kichwa kinamuuma kila tunapomchukua shuleni jioni, na kila tulipofika nyumbani akacheza nje kidogo, maumivu yakaisha. Mimi na mama yake tulidhani ni njaa, kisha tukadhani ni macho. Siku moja tulikwama kwenye foleni ya Jogoo Road kwa karibu saa nzima, madirisha ya nyuma yakiwa yameteremshwa kidogo kwa ajili ya joto, nami nikasikia harufu ya moshi ndani ya gari. Nilipogeuka nilimwona amelaza kichwa juu ya mkoba wake, hataki kuzungumza. Nilitoka barabarani, nikamshusha, tukaenda moja kwa moja kwenye zahanati. Alipata nafuu siku hiyohiyo, lakini gari lile sikulipakia mtoto tena mpaka nilipojua moshi ulikuwa ukiingilia wapi.

Ulikuwa ukiingilia nyuma. Gari langu ni Toyota Fielder ya injini ya lita 1.5, na magari ya umbo hilo, yenye mlango mmoja mkubwa wa nyuma, yanapotembea huifanya hewa iliyo nyuma yake izunguke na kurudi kwenye mlango wa buti. Moshi unaovuja mahali pasipostahili hufuatana na hewa hiyo, na raba ya mlango ikiwa imezeeka au dirisha la nyuma likiwa wazi, huingia ndani. Ekzosi yangu, yaani mabomba ya kutolea moshi, ilikuwa imepasuka kwenye mshono wa juu wa sailensa (kopo la kupunguza kelele) ya nyuma, upande ambao mtu akichungulia kutoka nje hauoni, chini kabisa ya sakafu ya buti. Kelele haikuwa kubwa. Hilo ndilo lililonichelewesha, na ndilo linalonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu wengi wetu husubiri ekzosi ipige kelele ndipo tuitengeneze, ilhali gesi ya kuogopwa, monoksidi ya kaboni, haina sauti, haina rangi na haina harufu. Harufu niliyoisikia ilikuwa ya vitu vingine vilivyomo katika moshi. Gesi yenyewe hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na hapa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa tunayovuta tayari ni nyepesi kuliko ya Mombasa.

Sasa nieleze kwa nini ilipasuka, maana jambo hili sikulijua hata nilipokuwa nimemiliki magari kwa miaka kumi na zaidi. Petroli inapoungua hutoa maji pia, tena kwa kiasi kinachoshangaza: lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji, yakiwa katika hali ya mvuke. Katika safari ndefu, tuseme ya Nakuru, bomba lote hupata moto na mvuke huo hutoka nje. Katika safari zetu za kutoka Umoja kwenda mjini, za kilomita chache na kusimama kwingi, sailensa ya nyuma haipati joto la kutosha. Mvuke hugeuka maji humohumo ndani, maji huchanganyika na asidi za moshi, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Waundaji wa magari wanalijua hilo, na kwa sababu hiyo sailensa nyingi zina tundu dogo upande wa chini, la ukubwa wa punje ya mtama, la kuyatoa maji hayo. Mwaka mmoja kabla ya mkasa wetu fundi mmoja aliliona tundu la gari langu likidondosha maji, akaniambia kwamba ekzosi imetoboka, akaliziba kwa kulichomelea, nami nikamlipa na kumshukuru. Nilipoishusha sailensa ile na kuiinamisha, yalimwagika maji ya kujaza kikombe na kuzidi, meusi mekundu kama turungi, pamoja na vipande vya kutu vyembamba mfano wa maganda ya kitunguu.

Kwa hiyo, kabla sijaingia kwenye kazi yenyewe, nawaomba jambo moja: tundu hilo mkiliona, msikubali lizibwe na mtu yeyote.

Niliamua kubadilisha kutoka kiungo hadi kiungo, si kuweka kiraka. Chuma kilicholiwa kutoka ndani hubaki chembamba kama karatasi hata mahali ambapo macho yanaona kizima, na moto wa kuchomelea ukikigusa, shimo la ukubwa wa shilingi hugeuka shimo la ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Ekzosi ya gari dogo ina vipande vichache tu: manifoldi iliyofungwa kwenye injini, bomba la mbele pamoja na kigeuzi cha moshi ambacho mafundi wengi wanakiita masega kwa sababu ya umbo lake la ndani, bomba la kati ambalo huwa na sailensa ndogo, na sailensa kubwa ya nyuma. Vipande hivyo huunganishwa kwa flanji (bamba bapa za mwisho wa bomba) zenye gasketi (kizibo cha katikati kinachozuia moshi usivuje) na bolti, na vyote huning'inia chini ya gari kwa raba. Mimi nilibadilisha kuanzia bomba la kati kwenda nyuma, na nashauri anayeanza asiende mbele zaidi ya hapo, kwa kuwa bolti zilizopandwa kwenye manifoldi zikikatika, kazi ya saa tatu hugeuka kazi ya siku tatu na injini hubaki wazi.

Vipuri nilivitafuta Kirinyaga Road. Nenda na namba ya chesisi iliyoandikwa vizuri, na kama unaweza, nenda na picha za flanji na za mahali raba zinapokaa, kwa sababu Fielder ya miaka tofauti na ya injini tofauti hazilingani, na bomba lililozidi kwa sentimita tatu halifungiki hata ukilibembeleza namna gani. Nilikuwa na uchaguzi wa aina mbili: sailensa ya mtumba iliyotoka Japani, au mpya iliyoundwa na watengenezaji wengine. Nilichukua ya mtumba, na sijutii, lakini niliikagua kwa nusu saa nzima mwenye duka akinitazama kwa subira ya ajabu. Niliitikisa nisikie kama kuna kitu kinachocheza ndani. Niliigonga kwa kifundo cha kidole kila upande, maana chuma kizima hutoa mlio na kilichooza hutoa kishindo kifupi kilichokufa. Niliangalia uso wa flanji kama umeliwa, na vijiti vya kushikia raba kama vimewahi kuchomelewa upya. Rangi nyeusi iliyopakwa karibuni ni sababu ya kushuku, kwa hiyo ile iliyokuwa imepakwa niliiacha nikachukua nyingine yenye kutu nyepesi ya wazi.

Gasketi, raba, springi na bolti nilinunua mpya zote. Vitu hivi ni vya bei ndogo ukilinganisha na bomba lenyewe, na asiyevibadilisha atarudi chini ya gari kabla ya mwezi kwisha. Katika Toyota nyingi kiungo cha kabla ya sailensa hakikazwi kwa flanji mbili bapa, bali kwa gasketi ya mviringo mfano wa andazi lenye tundu, ikisukumwa na bolti mbili zenye springi, ili bomba liweze kucheza kidogo injini inapotikisika. Gasketi hiyo ikiwa imelika upande mmoja, hata ukikaza mpaka spana ipinde, moshi utapita.

Kazi ya kubadilisha ekzosi huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nilisugua kila nati kwa brashi ya waya hadi nyuzi za bolti zikaonekana, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikarudia baada ya saa moja, nikarudia tena kabla ya kulala. Asubuhi nilipulizia mara ya nne. Jirani yangu aliyedhani napoteza muda alibadilisha nia alipoona nati ya kwanza ikifunguka kwa mkono mmoja.

Kuhusu kuinua gari nitasema kwa ukali kidogo, na mnisamehe. Jeki ndogo inayokuja na gari ni ya kubadilishia gurudumu tu, wala haikuundwa ili mtu aingie chini. Mawe ya ujenzi hupasuka bila onyo. Nilikodi jeki ya magurudumu na stendi nne za chuma, nikaegesha mahali penye saruji iliyo sawa, nikaweka gia kwenye P, nikavuta breki ya mkono, nikazuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, kisha nikainua nyuma na kuweka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa za kingo za chini. Gari lilipokaa juu ya stendi nililisukuma kwa bega, kwa nguvu, mara tatu. Afadhali lianguke wakati umesimama kando yake. Mwishowe nilisukumia matairi mawili ya zamani chini ya kingo, ili hata stendi ikikosea kuwe na kitu kingine kitakachozuia. Injini ilikuwa baridi tangu jioni, na miwani ya kukinga macho sikuivua hata mara moja, kwa sababu kutu inayoanguka kutoka juu huangukia machoni.

Kushusha ilikuwa hivi. Nilitumia soketi ya pembe sita ya milimita 14, si ile ya pembe kumi na mbili ambayo huteleza na kuliviringa kichwa cha nati. Kabla ya kulegeza niliikaza kidogo sana, kiasi cha kusikia imeachia kutu, kisha nikairudisha; ikikataa, unarudi mbele na nyuma kwa robo robo, hulazimishi. Bolti moja ilikatika, na niliikata iliyobaki kwa msumeno wa chuma kwa dakika ishirini, nimelala chali, mkono umekufa ganzi. Raba nilizipaka maji ya sabuni zikateleza zenyewe. Msipake mafuta ya injini wala grisi, kwa kuwa huvimbisha na kuoza raba. Raba ya mwisho usiifungue kabla hujaweka kitu cha kubeba uzito chini ya sailensa, au kabla mtu hajaishika. Mimi nilimwomba jirani yule aishike, na bado ilimshinda kidogo ikamgusa mkononi.

Kupandisha ni kinyume chake, lakini kuna jambo moja linalowaharibia wengi: wanakaza kiungo cha kwanza kabisa kabla ya kuning'iniza kingine. Ning'iniza bomba lote kwenye raba zake kwanza, ingiza bolti zote kwa vidole, kisha ukague nafasi. Bomba lisiguse mwili wa gari, wala tangi la mafuta, wala springi za magurudumu ya nyuma; mimi niliacha upana wa vidole viwili kila mahali. Baada ya hapo kaza kuanzia mbele kuelekea nyuma. Bolti za springi katika Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa takriban nyutonimita 43, na kwa kuwa nilikuwa nimeazima spana ya kupimia nguvu, niliitumia. Nyuzi za bolti nilizipaka grisi ya shaba inayovumilia moto, ili siku nyingine mtu mwingine asiteseke kama mimi.

Nilipomaliza niliwasha injini gari likiwa uani, palipo wazi, kisha nikamwomba jirani azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache tu, bomba likiwa bado baridi. Palipo na uvujaji patatoa mlio wa kufoka. Kiungo cha kati kilifoka. Nikakilegeza, nikakikalisha upya, nikakikaza, kikanyamaza. Moshi mwepesi uliofuka kutoka kwenye bomba kwa dakika kumi za kwanza ulikuwa wa mafuta niliyopulizia, nao uliisha wenyewe.

Kazi yote ilichukua saa tano, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Maswali ninayakaribisha.

Mchangiaji (Ruaka)

Asante sana, mkubwa wangu. Nimesoma mara mbili. Mimi taa ya injini imewaka kwenye Premio yangu, na kompyuta imesoma namba ya hitilafu P0420. Fundi ameniambia masega yameziba, kwamba nimruhusu ayatoe kabisa aweke bomba tupu, nami sitaona tofauti yoyote isipokuwa gari kuwa jepesi. Nifuate ushauri wake?

Mwanzisha uzi (Umoja)

Usifuate, ndugu yangu, na kuna sababu zaidi ya moja.

Namba hiyo haisemi kwamba masega yameziba. Inasema kwamba kompyuta, ikilinganisha sensa (kipimaji) ya oksijeni iliyo kabla ya masega na ile iliyo baada yake, imeona masega hayafanyi kazi ipasavyo. Chanzo kinaweza kuwa masega yenyewe, lakini kinaweza pia kuwa ekzosi inayovuja karibu na sensa. Injini hupuliza moshi kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo mvuto mdogo huingiza hewa ya nje kupitia ufa. Sensa ikikutana na oksijeni hiyo huiambia kompyuta kwamba petroli imepungua, kompyuta huongeza petroli, nawe unashangaa kwa nini gari linakunywa mafuta. Kwa hiyo anza na viungo na gasketi. Masega yaliyoziba kweli yana dalili zake: gari huwa zito kama limefungwa kamba nyuma, hasa kwenye mlima, na ukizidi kukanyaga halijibu. Yaliyovunjika hucheza ndani ukiyagonga kwa nyundo ya mpira.

Ukiweka bomba tupu, sensa ya pili itaona moshi uleule unaoonwa na ya kwanza, na taa haitazimika. Kisha kuna sisi wengine tunaokufuata kwenye foleni ya Limuru Road. Masega yana tabaka jembamba la platini, paladi na rodi, na kazi yake ni kuigeuza monoksidi ya kaboni iwe dioksidi ya kaboni, kuziunguza chembe za petroli zilizobaki, na kuzivunja oksidi za naitrojeni. Yanahitaji joto la nyuzi takriban 300 ili yaanze kazi sawasawa. Kwa miaka mingi hayangeweza kutumika katika nchi zetu hata kama yangekuja na gari, kwa sababu risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli iliyafunika na kuyaua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na hapa Gigiri, mnamo Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza kwamba imeisha duniani kote baada ya Algeria kuiacha. Sisi tulioishi kandokando ya barabara za Nairobi katika miaka ya tisini tunaijua thamani ya jambo hilo. Kuyakata masega leo ni kuutupa ushindi huo kwa mikono yetu.

Tena uliza swali moja: yakitolewa, yanakwenda wapi? Madini hayo ni ya thamani kubwa, na wapo wanunuzi wake. Nilipokuwa nikitafuta vipuri nilikutana na mtu aliyetaka kubadilisha bure bomba la mbele la gari langu, mradi tu la zamani abaki nalo.

Mchangiaji, fundi wa miaka 22 (Kariobangi)

Nimesoma kwa makini, na mwanzisha uzi amefanya kazi ya heshima. Niongeze machache, na jambo moja nimrekebishe kwa upole.

La kwanza, sensa ya oksijeni. Hakuigusa kwa kuwa hakufika mbele, lakini atakayebadilisha bomba la mbele atalazimika kuitoa. Sensa nyingi za kuzungusha huhitaji spana ya milimita 22, na ipo soketi maalumu yenye mpasuo wa kupitishia waya. Itoe injini ikiwa vuguvugu, si baridi kabisa, kwa kuwa chuma kilichopanuka kidogo huachia. Usiiangushe, ndani yake mna kauri. Grisi ya shaba aliyoitaja isipite kwenye ncha ya sensa hata chembe, na kama sensa ni mpya na imekuja tayari na mafuta yake kwenye nyuzi, usiongeze yako.

La pili, kuhusu kuchomelea. Yeye ameshauri kubadilisha badala ya kuchomelea, nami nakubali kwa chuma kilichooza. Hata hivyo kuna kuchomelea kuzuri. Bomba zima lililopasuka kwenye mshono kwa sababu ya kugonga tuta hurekebishika na hudumu miaka. Masharti yake ni kwamba bomba lishushwe kwanza, lisichomelewe likiwa chini ya gari, kwa sababu sailensa ya nyuma katika magari mengi iko karibu na tangi la petroli, na cheche hazichagui. Ikibidi kuchomelea likiwa garini, betri itenganishwe, na waya wa ardhi ufungwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, la sivyo umeme utapita kwenye bearingi au kwenye kompyuta ya gari. Nimeona kompyuta zilizokufa kwa kosa hilo, na mwenye gari akaambiwa ni bahati mbaya.

Tena mtu asichomelee bomba la maji la mabati kulifanya ekzosi. Zinki iliyo juu yake ikiungua hutoa mvuke mweupe unaomletea anayechomelea homa kali usiku, na mimi nimeipata nikiwa kijana, nikatetemeka mpaka alfajiri.

La mwisho, baada ya kilomita mia mbili au tatu, mtu arudi akague nati zote gari likiwa baridi. Gasketi mpya hujikalisha, na nati hubaki na nafasi.

Mchangiaji (Pipeline)

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninakaa gorofani, na msimamizi wa ploti haruhusu mtu yeyote kufungua gari hapo chini. Sina stendi wala sina nia ya kuingia chini ya gari. Lakini kisa cha binti kimenitia hofu, kwa sababu Demio yangu nayo ina harufu nikisimama kwenye taa. Ninawezaje kujua kama ni ekzosi kabla sijaenda kwa fundi nikaambiwa chochote?

Mwanzisha uzi (Umoja)

Mama, umefanya vizuri kuuliza. Mengi unaweza kuyajua umesimama.

Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, mwombe mtu aiwashe huku wewe ukizunguka gari ukisikiliza. Uvujaji husikika zaidi katika dakika mbili za kwanza, kwa sababu chuma kikipata moto hupanuka na nyufa ndogo hujifunga. Mlio wa tiki tiki tiki unaofuata mwendo wa injini, kutoka mbele, ni dalili ya gasketi ya manifoldi. Mlio mzito wa kufoka kutoka katikati au nyuma ni dalili ya kiungo au sailensa. Tazama pia chini kwa tochi, bila kuingia: moshi unaovuja huacha alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo, na alama hiyo haidanganyi. Kisha simama kando ya kila dirisha na mlango wa buti, uone harufu iko wapi. Ikiwa inaingia tu unapowasha kipulizia hewa, huenda chanzo kiko mbele, karibu na injini. Na harufu ya petroli mbichi isichanganywe na ya moshi. Hiyo ni habari nyingine, na gari lisiwashwe kabisa mpaka likaguliwe.

Hadi utakapopata uhakika, usiwapakie watoto katika gari hilo. Najua matatu asubuhi ni taabu. Kama huna budi kuliendesha wewe mwenyewe kulipeleka gereji, teremsha madirisha yote manne kabisa, si ya nyuma peke yake, na uweke hewa ya kutoka nje badala ya ile inayozunguka ndani. Ukifika kwa fundi, mwambie alama ya masizi uliyoiona iko wapi na umwombe akuonyeshe kwa tochi kabla hajafungua nati yoyote.

Mchangiaji (Kahawa West)

Nami nina la kuuliza. Kwa kuwa nabadilisha yote, kuna ubaya gani kuweka bomba pana zaidi na sailensa ya wazi? Vijana wengi hapa wanasema gari hupata nguvu.

Mchangiaji, fundi wa miaka 22 (Kariobangi)

Kijana wangu, injini ndogo isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inahitaji moshi utoke kwa kasi, na bomba likiwa pana mno kasi hiyo hupungua. Utapata kelele nyingi, na nguvu ya kuondokea itapungua, hasa ukiwa umepakia watu unapanda mlima. Nimewafungia wengi, nimewafungulia karibu wote waliorudi. Isitoshe, kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2009 zinalihusu jambo hilo, na majirani zako wana watoto wanaolala.

Mwanzisha uzi (Umoja)

Narudi baada ya majuma matatu. Nilimfuata fundi wetu wa Kariobangi, nikakagua nati baada ya kilomita mia tatu. Moja ya bolti za springi ilikubali kuzunguka karibu robo, ile nyingine ilikuwa imara. Raba moja ya nyuma niliikuta imejipinda kwa sababu niliivalisha kinyume, nikaigeuza. Niliziba mdomo wa bomba tena kwa kitambaa, hapakufoka popote, na injini ikaanza kukwama kama inavyotakiwa. Raba ya mlango wa buti nayo nimeibadilisha, ingawa haikuwa na makosa makubwa.

Binti amepanda gari hilo kila siku tangu juma la pili, pamoja na jioni moja ya mvua ambapo tulikaa kwenye Jogoo Road kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na dakika kumi. Nilimuuliza kuhusu kichwa mara nne, mpaka akaniomba niache. Asubuhi, ninapoliwasha, sailensa hudondosha maji matone kumi au kumi na mawili juu ya saruji kupitia lile tundu la chini, kisha hukauka.